Je, Pafu la Marehemu Laweza Kumsaidia Aliye Hai?

Somo letu la mwezi huu limetokana na swali la mama mmoja. Tulikuwa tumemaliza sala ya jumuiya, watu wameanza kutawanyika, naye akabaki ameketi kwenye jamvi. Mwanawe amefanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu huku kwetu Biharamulo kwa miaka mingi, kwanza ndani ya duara, baadaye kwenye karasha la kusagia mawe. Sasa kijana huyo hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi barabarani bila kusimama mara tatu kuvuta pumzi. Ametibiwa kifua kikuu mara mbili, vidudu vikaisha, lakini pumzi haikurudi. Daktari alimweleza kwamba mapafu yake yameharibiwa na vumbi la mawe.

Mama akaniambia: "Mwanangu, nimesikia kwamba huko Ulaya wanatoa mapafu ya mtu aliyekufa na kumwekea mgonjwa. Ni kweli? Kama ni kweli, mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Wachukue yangu, wampe mtoto."

Swali hili si la kujibiwa kwa haraka. Ndani yake mna maswali matatu: Je, jambo hilo linawezekana? Je, ni halali? Na sisi wa huku tufanye nini? Tuyatazame moja baada ya jingine.

KAZI YA MAPAFU

Kila mtu ana mapafu mawili, la kulia na la kushoto. Ndani yake mna mamilioni ya vifuko vidogo sana vya hewa, na kuta za vifuko hivyo ni nyembamba kuliko karatasi. Tunapovuta pumzi, oksijeni hupenya ukuta huo na kuingia katika damu. Tunapotoa pumzi, hewa chafu hutoka.

Vumbi la mawe ya dhahabu mara nyingi huwa na chembechembe kali za madini yaitwayo silika. Chembe zile kubwa hunaswa puani na kooni, nasi tunazitema. Zile ndogo mno, ambazo macho hayazioni, hufika hadi kwenye vifuko. Mwili hujaribu kupambana nazo na kushindwa, na mahali pa vita hivyo hubaki makovu. Kovu halitanuki kama mpira, wala oksijeni haipiti vizuri. Ugonjwa huu huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuondoa makovu, na waweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Tena, mapafu yenye silika hushambuliwa kwa urahisi na vidudu vya kifua kikuu. Ndiyo maana wachimbaji wengi hupata magonjwa yote mawili.

Mapafu yakifikia hatua ya mwisho kabisa, iwe kwa vumbi, sigara au magonjwa mengine, tiba pekee iliyobaki ni kuyaondoa na kuweka mengine. Hapo ndipo swali la mama linapoingia.

KAZI HII ILIANZAJE?

Pafu la kwanza la binadamu lilipandikizwa tarehe 11 Juni 1963 katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, Marekani. Mganga aliyeongoza kazi hiyo ni Dk. James Hardy. Pafu lilitoka kwa mtu aliyefariki kwa ugonjwa wa moyo: moyo wake ulisimama, madaktari wakashindwa kuurudisha, na jamaa zake wakaridhia. Mgonjwa aliyelipokea aliishi siku 18.

Kwa miaka 20 iliyofuata madaktari wa nchi mbalimbali walijaribu tena mara kadhaa, na karibu wagonjwa wote walikufa mapema. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba mwili hukitambua kiungo kigeni na kukishambulia. Mnamo 1983 Dk. Joel Cooper na wenzake huko Toronto, Canada, walimpandikiza mgonjwa pafu moja naye akaishi zaidi ya miaka 6. Wakati huo ilikuwa imepatikana dawa mpya ya kutuliza kinga ya mwili isikikatae kiungo. Tangu hapo kazi hii ikaenea.

Barani Afrika wengi wetu tunakumbuka habari ya Cape Town, Afrika Kusini, tarehe 3 Desemba 1967, Dk. Christiaan Barnard alipopandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani. Moyo ule ulikuwa wa Denise Darvall, msichana wa miaka 25 aliyegongwa na gari. Baba yake ndiye aliyeombwa ruhusa usiku ule ule, akakubali. Mpokeaji, Louis Washkansky, aliishi siku 18, kisha akafa. Moyo mpya haukuwa umechoka. Aliuawa na kichomi, yaani nimonia, kwa sababu dawa za kutuliza kinga zilikuwa zimemwacha bila ulinzi. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

MTU AMEKUFA LINI?

Hapa ndipo watu wengi wanapoogopa, na hofu yao ina haki. Watu huuliza: "Watajuaje kwamba amekufa kweli? Hawatamharakisha ili wapate viungo?"

Tangu zamani wazee wetu walitambua kifo kwa kuona kwamba pumzi imekoma, mapigo yamekoma, na mwili umepoa. Mnamo 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilieleza njia nyingine. Mtu aweza kuwa ubongo wake wote umekufa kabisa, hautarudi tena, huku mashine ikiendelea kusukuma hewa kifuani na moyo ukipiga. Huyo amekufa, ingawa mwili una joto. Kwa miaka mingi viungo vingi vilitoka kwa marehemu wa namna hiyo.

Lakini marehemu hao ni wachache, na mapafu ya wengi wao hayafai, kwa sababu yameingia maji au yameshikwa na kichomi wakati wa ugonjwa. Wagonjwa wengi hufa wakisubiri. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 madaktari walirudi kuitazama ile njia ya zamani: mtu ambaye moyo wake umesimama na damu imekoma kuzunguka. Mnamo 1995 wataalamu walikutana Maastricht, Uholanzi, wakapanga makundi ya marehemu wa aina hii, ili kila hospitali ijue inazungumza habari ya nani.

Mnamo 2000 Dk. Stig Steen wa Lund, Sweden, alipandikiza pafu la mgonjwa aliyefia hospitali kwa ugonjwa wa moyo baada ya juhudi zote za kumwokoa kushindikana. Mapafu yalipozwa yakiwa bado kifuani mwa marehemu, na jamaa zake wakaridhia. Kwa namna fulani dunia ilikuwa imerudi pale Dk. Hardy alipoanzia mwaka 1963, lakini sasa ikiwa na ujuzi zaidi.

KWA NINI PAFU LAWEZA KUSUBIRI?

Moyo, ini na figo hupata oksijeni kwa njia ya damu tu. Damu ikisimama, huanza kuharibika upesi. Pafu ni tofauti. Lenyewe lina hewa ndani ya vifuko vyake, na chembe zake hupata oksijeni kutoka katika hewa hiyo hata damu ikisimama. Likijazwa hewa na kupozwa, laweza kusubiri muda mrefu kuliko viungo vingine.

Tena, huko Toronto, Dk. Shaf Keshavjee na wenzake walianza mwaka 2008 kuwapandikiza wagonjwa mapafu yaliyowekwa kwanza ndani ya chombo maalumu baada ya kutolewa. Chombo hicho huyapa mapafu joto la mwili, huyapumulisha, na kuyapitishia maji yaliyotengenezwa maalumu. Kwa saa kadhaa madaktari huyapima. Yakionekana mazima, hutumika. Yakionekana mabovu, huachwa. Matokeo yameonyesha kwamba wagonjwa waliopewa mapafu ya watu waliokufa kwa moyo kusimama huishi karibu sawa na wale waliopewa kwa njia ile nyingine.

HATUA KWA HATUA

Katika nchi zinazofanya kazi hii kuna taratibu za kumlinda anayekufa. Kwa kawaida ni hizi:

1. Mgonjwa yuko mahututi, anapumua kwa mashine. Madaktari wake na familia wanakubaliana kwamba matibabu hayamsaidii tena, yanaahirisha kifo tu. Uamuzi huu hufanywa kwanza, bila kutazama habari ya viungo.

2. Baada ya hapo tu ndipo familia inapoulizwa juu ya kutoa viungo, au inapotazamwa kama mgonjwa mwenyewe aliwahi kusema anapenda. Familia ikikataa, hakuna anayelaumiwa.

3. Mashine inaondolewa. Mgonjwa hupewa dawa za kutuliza maumivu na shida ya pumzi, kama anavyostahili kila anayekufa. Jamaa waweza kuwa karibu naye, na padre aweza kumpaka mafuta.

4. Moyo ukisimama, madaktari husubiri bila kugusa kitu, wahakikishe kwamba haurudi wenyewe. Uingereza na Uholanzi husubiri dakika 5. Italia sheria yadai dakika 20.

5. Anayetangaza kifo si yule atakayepandikiza. Wanaopandikiza hawana sauti kabla ya mtu kufa.

6. Kama moyo hausimami katika muda uliopangwa, mpango wa viungo unafutwa. Mgonjwa anaendelea kutunzwa mpaka saa yake ifike.

7. Mwili hushonwa vizuri, hurudishwa kwa familia, na mazishi hufanyika kama kawaida.

KANISA LINAFUNDISHA NINI?

Papa Pio wa 12, akizungumza na madaktari tarehe 24 Novemba 1957, alieleza kwamba hatulazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kuurefusha uhai pasipo tumaini, na kwamba kutambua saa ya kifo ni kazi ya madaktari. Papa Yohane Paulo wa 2, katika barua yake ya 1995 juu ya thamani ya uhai, alikutaja kutoa viungo kwa njia iliyo halali kama tendo la upendo. Tarehe 29 Agosti 2000 huko Roma alizungumza na wataalamu wa upandikizaji, akasisitiza kwamba viungo ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo vichukuliwe tu baada ya kifo cha hakika.

Katekisimu, namba 2296, inatuwekea mipaka iliyo wazi. Kutoa viungo baada ya kufa ni tendo jema na la kusifiwa. Hakukubaliki bila ridhaa ya mtoaji au ya wale wanaomwakilisha. Na ni kosa kusababisha kifo cha mtu mmoja, hata kama ni kwa ajili ya kuchelewesha kifo cha wengine.

Hapo ndipo toleo la mama yetu linapogota. Upendo wake ni mkubwa na tunauheshimu. Lakini hakuna daktari awezaye kuchukua mapafu yote ya mama aliye hai, maana kufanya hivyo ni kumwua. Katika hospitali chache za Marekani na Japani watu wawili wazima wamewahi kutoa kila mmoja kipande cha pafu lake kwa ajili ya ndugu, nao wakabaki hai. Hiyo ni kazi ya nadra.

Kanisa na madaktari wanakubaliana pia juu ya jambo jingine: kiungo cha mtu si bidhaa. Azimio la Istanbul la 2008 limelaani biashara ya viungo. Ndugu msomaji, akitokea mtu anayekuahidi fedha kwa ajili ya figo yako au ya mtoto wako, au safari ya kazi nchi za nje yenye mashaka, mkimbie, ukatoe taarifa.

HALI YA HAPA KWETU

Tuseme ukweli. Hakuna hospitali ya Tanzania inayopandikiza mapafu. Kazi hiyo inahitaji mabingwa wengi, maabara na mashine, tena kwa haraka: pafu lililopozwa kwenye barafu kwa desturi hutakiwa liwe limewekwa ndani ya saa 6 hadi 8 hivi. Baada ya hapo mgonjwa hula dawa za kutuliza kinga kila siku maisha yake yote, na huwa katika hatari ya kila kidudu, kama tulivyoona kwa yule mgonjwa wa Cape Town. Hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya waliopandikizwa mapafu wanaoishi miaka 6 au zaidi.

Lakini mlango umekwisha kufunguliwa kwa upande wa figo. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, ikisaidiana na madaktari kutoka India. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na Wajapani. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Majirani zetu wa Uganda walitunga sheria yao ya viungo mwaka 2023, na Desemba mwaka huo Mulago wakapandikiza figo ya kwanza. Hizo figo za Muhimbili na Dodoma zilitoka kwa ndugu walio hai: dada kwa kaka, mzazi kwa mtoto. Mtu aweza kuishi vizuri na figo moja.

Kwa hiyo swali hili si la Wazungu peke yao. Familia nyingine ya parokia zetu za Biharamulo au Ngara yaweza kuulizwa kesho na daktari: "Nani kati yenu anaweza kumpa ndugu yenu figo?" Ni vema kulizungumza nyumbani kabla ya siku ya shida, mtu aseme kwa hiari, bila kulazimishwa wala kutiwa aibu.

TUFANYE NINI SASA?

Nchi ya Australia ina madaktari hodari wa kupandikiza mapafu. Hata hivyo, vijana wengi wakata mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni walipopatwa na silikosisi, Serikali ya huko haikutegemea upandikizaji. Ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024. Wenye uwezo wa kubadili mapafu wameona ni heri kuzuia vumbi. Je, sisi tusio na uwezo huo?

Kwa wachimbaji: Mwagia mawe maji kabla ya kuponda na kusaga, vumbi lililolowa haliruki. Karasha liwe mbali na nyumba, na watoto wasichezee hapo. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii zile chembe ndogo. Badili nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto. Na wengi wanaamini kwamba maziwa husafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, hayaingii mapafuni.

Kwa kila mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, anayekonda, au anayetoka jasho usiku: Nenda ukapimwe makohozi kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, kwa kawaida kwa miezi 6. Usiziache kati eti umepata nafuu. Mchimbaji aseme wazi kwamba ni mchimbaji, ili daktari akumbuke habari ya vumbi.

Kwa akina mama na akina baba wa nyumba: Moshi wa kuni nao huumiza mapafu. Jiko liwe na dirisha kubwa au tundu la kutolea moshi, kuni ziwe kavu, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika motoni. Mpeleke apate chanjo ya kuzuia kichomi akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto anayepumua haraka haraka, au anayebonyea mbavuni kila anapovuta pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwa wavuta sigara: Acheni. Sigara juu ya vumbi ni moto juu ya moto.

JIBU KWA MAMA

Nilimjibu hivi: "Mama, ni kweli jambo hilo linafanyika, na Kanisa halilikatazi. Lakini yako hatuwezi kuyachukua, na ya marehemu hatuna mahali pa kumwekea hapa nchini. Kilicho mkononi mwetu ni hiki. Asirudi kwenye karasha hata siku moja. Kila kikohozi kikibadilika apimwe tena kifua kikuu. Aende Bugando, Mwanza, mabingwa wamtazame kifua na kusema kama anahitaji oksijeni. Pumzi ikimbana, aketi, ainame mbele kidogo, avute kwa pua na kutoa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza uji wa moto. Na wajukuu zako wasishuke kwenye duara kama baba yao."

Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mkubwa amekwisha anza kwenda huko baada ya shule. Nitamrudisha." Akaondoka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA FAMILIA NA JUMUIYA

1. Kuna tofauti gani kati ya kumwacha mgonjwa afe kwa amani matibabu yasipofaa tena, na kumwua?

2. Kwa nini ni lazima anayetangaza kifo awe tofauti na anayepandikiza?

3. Kama ndugu yetu angehitaji figo, tungezungumzaje bila kumlazimisha mtu?

4. Katika kitongoji chetu, ni watoto wangapi wanaofanya kazi kwenye vumbi la karasha? Nani atazungumza na wazazi wao, na lini?